Urithi wa Mtu Aliye Hai

Mimi sikusoma sana, na sioni haya kulisema. Wenye vyeti vyao ukutani huja kwangu kutaka mawe ya kujengea, na mawe ya nyumba nzima, vyumba na veranda, nayapiga hesabu kichwani kabla wao hawajatoa kalamu mfukoni. Toka Likoni mpaka Utange, ukiona ukuta umesimama wima, uliza mawe yaliletwa na malori ya nani. Kwa hivyo asije mtu akasema naandika haya kwa sababu hesabu zilinishinda. Hesabu hazikunishinda. Zilinitisha, na kutishwa na jambo unaloliweza ni kubaya kuliko kushindwa nalo.

Nilikuwa darasa la saba katika shule ya kati ya huku kwetu Likoni, miaka michache kabla ya bendera kubadilishwa. Nyumbani tulikuwa baba, mama, bibi aliyemzaa baba, mimi, na wadogo zangu wawili wa kike. Baba alifanya kazi bandarini Kilindini. Alivuka kwa feri alfajiri, akashuka ndani ya tumbo la meli, na kazi yake ilikuwa kupachika mizigo kwenye ndoano ya winchi ili ivutwe juu. Mzigo ukishapachikwa hupita juu ya vichwa vya watu waliobaki chini. Kamba zilikuwa zikikatika. Baba hakulizungumza hilo, lakini jioni mama hakutulia mpaka asikie kikohozi chake njiani, na sisi watoto tulikuwa tukinyamaza pamoja naye bila kuambiwa.

Mwaka huo pakatangazwa mashindano ya hesabu kwa shule za kati zote za upande wetu wa bara, nje ya kisiwa, Likoni, Kisauni na Changamwe. Kila shule itoe mvulana mmoja. Atakayeshinda atapata nafasi shule ya sekondari na karo atalipiwa. Katika shule yetu hapakuwa na haja ya kuulizana nani aende. Nilikuwa wa kwanza, na wa pili alikuwa mbali sana nyuma yangu.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mtu wa upande wa ziwani, mrefu, Mkristo, asiyecheka. Alikuwa na kitabu cha maswali magumu kutoka Uingereza, na kila siku wenzangu wakienda kucheza mpira mimi nilibaki naye darasani. Hakuniruhusu chaki wala karatasi, kwa kuwa mashindano yenyewe yalikuwa ya kichwa: unasomewa swali mara moja, unajibu umesimama. Yeye akisoma, treni mbili zikatoka miji ambayo sikuijua zikakutana njiani. Watu sita wakachimba mtaro, wawili wakaugua. Hayo nilikuwa nayatafuna. Kilichonikwamisha kilikuwa sehemu. Moja ya sita ya kitu, utoe moja ya nane, kilichobaki ugawe mara nne: hapo kichwa changu kilijaa moshi. Mwalimu akasoma tena, na mara ya tatu hakusoma, akaninyamazia tu. Fimbo yake niliizoea. Kunyamaza kwake sikukuzoea hata kidogo.

Nikamlilia mjomba wangu, kaka yake mama. Mjomba alikuwa mtu wa kujisikia, mwenye kofia safi na tambuu mdomoni, na mtaani kwetu kukigawanywa mirathi lazima naye awepo, hata asipoitwa. Akanisikiliza, akatema mate mekundu pembeni, akasema hizo sehemu za Waingereza hazina mwenyewe ndiyo maana hazikai kichwani. Sehemu zenye wenyewe ni za mirathi.

"Mtafute marehemu kwanza," akasema. "Ukishampata marehemu, kila moja ya sita itakujia yenyewe na jina lake."

Akanifundisha: mke mwenye watoto hupata thumuni, moja ya nane. Mama wa marehemu sudusi, moja ya sita. Iliyobaki ni ya watoto, mwana mume mara mbili ya binti. Kisha akaniambia nichague marehemu. Nikamtaja mtu wa kubuni, na hapo hapo nikasahau ana mabinti wangapi. Mjomba akacheka, akasema nina papara, marehemu hajazikwa nimeshampotezea warithi. Nikajaribu mwingine, naye akanipotea.

Sijui ni nani kati yetu aliyelisema la nyumba yetu. Nadhani ni mimi, maana ndimi niliyeona kwamba watu wa nyumba yetu wanakaa sawasawa: mke mmoja, mama mmoja, mwana mume mmoja, mabinti wawili. Marehemu akabaki kuwa mmoja tu anayefaa. Mjomba akasema shamba letu la minazi tulifanye minazi tisini na sita, ile iliyozeeka tuiache nje ya hesabu, kwa kuwa tisini na sita inagawika bila kuvunja mnazi. Baba amekufa. Mama minazi kumi na miwili. Bibi kumi na sita. Mimi thelathini na minne. Wadogo zangu kumi na saba kila mmoja.

Nilijibu kabla hajamaliza kutafuna. Moshi wote uliondoka. Baada ya hapo sehemu yoyote uliyonipa niliibeba mpaka nyumbani kwetu, nikamfisha baba, nikaigawa, nikarudi na jibu. Mwalimu akashangaa, ingawa hakunisifu. Alisema tu, "Leo umelala vizuri," akafungua kurasa za nyuma za kitabu, zile ngumu kabisa.

Nikawa natoka shule napitia shambani, nagawa huku natembea. Hii ya mama. Hii ya bibi, ile iliyo karibu na kisima, asipate taabu. Yangu nilijichagulia ile mirefu ya upande wa barabara. Niliufahamu kila mmoja. Siku moja bibi alikuwa kule akiokota makuti, nami sikumwona.

"Mume wangu," akaniita, kwa utani wa bibi zetu na wajukuu wao, "wahesabu nini?"

Nikamwambia nagawa minazi.

"Ya nani?"

"Ya baba. Hii kumi na sita ni yako, bibi. Wewe una sudusi."

Nilidhani atafurahi kwa kuwa nimempa ya kisimani. Akaweka makuti chini.

"Na babako yuwapi, hata mimi nikapata sudusi?"

"Amekufa," nikasema. Kisha nikauona uso wake. "Kwenye hesabu, bibi. Kwenye hesabu tu."

"Wamchuria mwanangu."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali ningelia, yakaisha. Alilisema polepole, kama mtu anayetaja kitu alichokiona kimesimama nyuma yangu. Kumchuria mtu ni kuuita msiba wake kwa ulimi, na kwetu hilo mtu mzima hulikwepa hata kwa mzaha, na likimponyoka haachi kusema la salama baada yake. Bibi akaniuliza ni mara ngapi nimesema hivyo. Sikuweza kumjibu, mimi niliyekuwa najibu kila kitu. Akanishika mkono, akanambia, "Wewe waita kila siku, wadhani hakuna anayesikia. Ipo siku utaitikiwa." Akaniamuru niombe kinga kwa Mwenyezi Mungu mara hiyo hiyo, nisiugawe tena mnazi hata mmoja. Bibi hakumwambia mama, wala baba. Nilipomwona kanyamaza nyumbani ndipo nilipoogopa hasa, kwa sababu bibi hakuwa mtu wa kunyamaza.

Nikaacha. Wallahi niliacha. Lakini mashindano yalikuwa yamekaribia, na baba alipofufuka tu, sehemu nazo zikafa. Nikamtafuta marehemu mwingine. Nikamchukua tajiri wa Jomvu Kuu, niliyempa mashamba mpaka majini. Sikujua wanawe wana sura gani, wakanichanganyikia. Nikamchukua mwalimu mwenyewe, mbele yake, akiwa ananitazama, nikaona aibu. Mwisho nikajifisha mimi. Hesabu ikaisha kabla sijapumua: mama sudusi, baba iliyobaki. Marehemu wa darasa la saba hana mke wala watoto wa kugawiwa.

Mwalimu akafunga kitabu. Akasema Jumamosi nikisimama hivi mbele ya watu, na yeye amenitolea mwaka mzima wa jioni zake, basi afadhali nisirudi kumtazama usoni. Nilimwogopa. Nilimwogopa pia bibi. Na katikati ya hofu hizo mbili nikapata njia yangu: nitamfisha baba kimya, bila kuchezesha midomo, na nikipata jibu nitamrudisha hapo hapo kwa kulitaja jina lake mara tatu moyoni na kumwona anaingia mlangoni. Nikiwa nimemrudisha, nilijiambia, si uchuro. Ni kama kumtuma dukani.

Ikafanya kazi. Nikajibu ya mwisho katika kitabu. Lakini tangu hapo sikuweza kula na baba sinia moja bila kumwangalia. Akipaliwa, naacha tonge mkononi. Akilala mchana, namsogelea nisikie pumzi. Aliniuliza siku moja kama namdai kitu, mbona nimemkodolea macho hivi. Bibi alikuwa pale. Alikuwa akiitazama midomo yangu.

Ijumaa, kesho yake ndiyo mashindano, baba alivuka kwenda kazini kama kawaida. Jioni kikohozi hakikusikika. Ilikuwa hutokea: meli ikiwa na haraka ya kuondoka waliwazuia wafanyakazi waendelee, lakini siku zote baba alimtuma mtu wa feri atupe habari. Safari hii hakuja mtu. Asubuhi tukaamka mkeka wake bado umekunjwa. Jirani aliyerudi kutoka upande wa kisiwani akapita, akasema amesikia kamba ya winchi imekatika jana bandarini, kuna watu wameangukiwa. Majina hakuyajua. Alipoona mama ameshika mlango akajaribu kuyapunguza maneno yake, ila yalikwisha kutoka.

Mjomba akaondoka mbio kwenda kuuliza. Nikasema mimi siendi Changamwe. Mama akanambia niende, kukaa kwangu hakutamleta mtu, na kama ni la kheri au la shari nitalikuta hapa hapa. Nikamtazama bibi aseme neno. Alikuwa na tasbihi yake, hakuinua macho.

Kwenye feri nikatazama meli zilizofunga Kilindini, nikajiuliza ni ipi. Mwalimu alinisomea maswali njia nzima ndani ya basi, toka kisiwani mpaka tumevuka Makupa. Niliyajibu yote yasiyokuwa na sehemu.

Ukumbi ulikuwa wa shule moja ya Changamwe, umejaa wazazi na walimu, na nyuma yake mabehewa yalikuwa yakigongana relini. Kila yakigongana nilishtuka. Msimamizi alikuwa Mwingereza mmoja mkaguzi wa shule, mzee mpole, mwenye Kiswahili cha kitabuni. Tukasimama mstari mmoja. Akikosa mtu anakaa. Wakakaa wa Kisauni. Akakaa wa Miritini, mtoto aliyekuja na jamaa zake wote. Sitaki kujisifu, lakini mpaka hapo sikuwa nimefikiri zaidi ya pumzi moja kwa kila swali. Tukabaki wawili, mimi na mtoto wa karani wa reli, mwenye viatu.

Mkaguzi akasoma: "Mtu mmoja amekufa. Ameacha mke, mtoto wa kiume mmoja na watoto wa kike wawili. Ameacha kondoo mia tisa na sitini. Mke apewe moja ya nane. Wanaobaki wagawiwe watoto. Kila mtoto atapata wangapi?"

Katika maswali yote ya dunia yaliyokuwepo, yule mzee alikuwa ameleta nyumba yetu. Hata sikuwa na haja ya kumfisha mtu; alikuwa ameshakufa katika karatasi yake. Na nikaona jambo jingine: bibi hakuwemo. Hakuna mama wa marehemu, hakuna sudusi. Ili hesabu ile ikae, bibi yangu alitakiwa awe ametangulia, na baba amfuate.

Nilitaka kunyamaza. Naapa nilitaka. Lakini mwalimu alikuwa amesimama ukutani mkono kifuani, na yule mtoto wa viatu alikuwa ameanza kuchezesha vidole, na jibu lilikuwa limeshafika kinywani mwangu kabla sijaliruhusu.

"Mama mia moja na ishirini," nikasema. "Mimi mia nne na ishirini. Na wadogo zangu mia mbili na kumi kila mmoja."

Ukumbi ukacheka. Mkaguzi akaondoa miwani yake. Hakuwa na ubaya, alitaka kutania kidogo watu wachangamke.

"Wewe?" akaniuliza. "Kumbe wewe ni mtoto wa marehemu?"

Wakacheka zaidi. Mimi nikafungua kinywa niseme hapana. Neno dogo tu, hapana bwana. Halikutoka, kwa sababu nilikuwa silijui. Mjomba alikuwa bado bandarini anauliza, na mimi sikujua kama mimi ni mtoto wa marehemu au si mtoto wa marehemu, na mbele ya watu wote wale sikuthubutu kukana kitu ambacho huenda kimeshakuwa. Nikasimama namtazama. Akaniuliza la pili, kwa nini mtoto wa kiume nimempa mara mbili. Watu wa Jomvu Kuu, Waislamu kama sisi, waliokuwa nyuma wakanung'unika kwamba ndivyo sheria ilivyo, kijana yuko sawa. Mkaguzi akasema hii ni hesabu tu, si mirathi ya dini yoyote. Akamgeukia mwenzangu, naye akasema mia mbili na themanini, na wakampigia makofi. Mpaka leo nasema mkaguzi hakutaja kwamba wagawiwe sawa kwa sawa. Jibu langu lilikuwa sahihi.

Lakini wakati ule sikuyafikiria hayo. Niliyoyafikiria ni kwamba kwa kile kicheko sikuwahi kumrudisha baba. Nikataja jina lake mara moja, na mkaguzi akanishika bega kunipa pole, nikapoteza hesabu. Nikaanza tena, nikamwona baba anakuja mlangoni, lakini haingii.

Mwalimu hakunisemesha njiani. Tuliposhuka upande wa Likoni nilikimbia nikamwacha. Njia nzima nilikuwa natazama kama watu wanaelekea kwetu, kama kuna mtu kabeba mikeka, kama kuna jeneza la msikitini limetolewa. Nikawaona wawili wameshika njia ya kwetu, nikapiga magoti hapo barabarani. Wakapita nyumba yetu, wakaenda zao.

Baba alikuwa ukumbini mwa nyumba yetu, amekaa juu ya mkeka, amevaa shati ambalo si lake. Mama alikuwa amekaa karibu naye kuliko nilivyowahi kumwona akikaa mbele ya watu. Nikasema shikamoo. Akaitikia. Nikakaa mbali, karibu na mlango, kwa sababu sikuwa na hakika kama naruhusiwa kumgusa.

Mjomba ndiye aliyenieleza. Baba alikuwa ndani ya meli, zamu yake pale kwenye ndoano, akapanda juu kunywa maji. Mwenzake akamshikia nafasi. Kamba ikakatika. Walimpeleka yule mwenzake hospitali, baba akakaa naye, na alfajiri akafa. Shati la baba lililowa damu ya yule mtu, wakamvisha jingine.

"Zamu ilikuwa yangu," baba akasema, bila kumtazama yeyote. "Ni kiu tu."

Bibi akaacha kuvuta tasbihi. Sikumtazama, lakini nilijua ananitazama. Niliyekuwa nikimwita kila siku alikuwa ameitika, akaja mpaka mahali penyewe, akakuta mtu mwingine amesimama. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na sitakudanganya kwamba nimeacha kabisa kuamini.

Baba akajifuta uso, akanigeukia. Akajaribu kutabasamu. "Haya, bwana mkubwa. Nitoe huko kwenye meli. Yamekwendaje?"

Nikamwambia nimekuwa wa pili. Akasema wa pili si haba. Akaniuliza swali lililoniangusha lilikuwa lipi.

Nikajitia kufuta vumbi magotini.

"Lisome tulisikie. Mjomba wako yupo, anajiona kadhi, huenda atalijua."

Mjomba akacheka kidogo, akangoja. Walikuwa wote wananingoja, na swali lilikuwa linanikaa ulimini neno kwa neno, kwa kuwa mimi nikisomewa jambo mara moja halinitoki. Mtu mmoja amekufa. Ameacha mke. Huyo mke alikuwa pale, bega kwa bega naye. Watoto wa kike wawili walikuwa wamelala kwenye miguu yake.

"Nimelisahau," nikasema.

"Umelisahau? Leo hii?"

"Lilikuwa la tangi," nikasema. "La maji. Linajaa, linavuja."

"Linajaa, linavuja," baba akarudia. "Kwa kasi gani?"

"Sijui."

"Lita ngapi?"

"Sijui, baba."

Akanitazama muda mrefu. Mimi ndimi niliyekuwa nikimsomea barua za ofisi, nikimkumbusha madeni ya watu, nikimwambia kijana wa tatu wa fulani alizaliwa mwezi gani. Nikayaona macho yake yanaondoka kwangu taratibu, jinsi mtu anavyoondoa macho kwenye kitu alichokusudia kununua. Akamwambia mama kwamba haya mambo ya sekondari tusijisumbue nayo, mtoto hawezi kushika swali hata akavuka nalo feri. Mwakani atanitafutia kazi ya mikono. Akafikiri kidogo, akaongeza, "Ila si bandarini."

Mama akataka kunitetea. Bibi akamkata, akasema mtoto ana njaa, aachwe ale. Akanisogezea sahani mwenyewe. Na mimi, kichwa cha kwanza cha Likoni nzima, nikainama nikala, nikakubali nionekane mjinga mbele ya baba yangu, maadamu alikuwa pale ananiona.